Wakuu, malengo gani yanamkuza kweli mchezaji wa mashindano ya poka?

Pau3: Wakuu, habari za jioni. Nacheza mashindano ya dola 5 mtandaoni, saa 6 kwa wiki. Lengo la mwaka: fainali 3 na faida ya dola 500. Baada ya mashindano 80 bado nina hasara. Nikaze au nibadili lengo?

HesabuKwanza: Badili. Hayo si malengo mkuu, ni maombi. Main Event (shindano kuu) ya WSOP 2024, mashindano ya dunia ya poka, iliingiza wachezaji 10,112, wakalipwa 1,517 tu. Hata fundi hutoka mikono mitupu mara nyingi, na mashindano 80 hayasemi kitu.

Chagua jambo unaloweza kulihesabu usiku uleule hata ukitolewa mapema. Mfano, wiki 4: kila ukiwa blaindi kubwa (dau la lazima kabla ya karata kugawiwa) na umepandishiwa dau, piga hesabu ya bei ya kufuata kabla ya kutupa karata. Tukihesabu kwa blaindi kubwa: jamaa kapandisha hadi 2.2, blaindi ndogo 0.5 katupa, yako 1, ante (mchango wa lazima wa mezani) 1. Mezani kuna 4.7, wewe unaongeza 1.2. Gawa 1.2 kwa 5.9: kama asilimia 20, ndiyo nafasi ya kushinda unayohitaji ili kufuata kulipe. Wengi hutupa J-9 hapo kwa mazoea tu! Ila usivimbe kichwa, baada ya hapo utakuwa unaanza kucheza wewe kila raundi, kwa hiyo asilimia zako hutazivuna zote.

Kopa Nane: Saa 4 cheza, 2 soma. Kila kikao weka alama mikono 5 (migao ya karata) iliyokutatiza, na uandike ulichowaza pale pale, kabla karata za mwenzako hazijafunuliwa. Ukiandika baadaye utajidanganya: ukishinda utaona ulipatia, ukipigwa utaona ulikosea. Kesho yake ndiyo upeleke kwenye kikokotoo.

Mzee wa Blaindi: Mwezi wa pili fanya ICM, yaani hesabu ya kugeuza chipu kuwa thamani ya zawadi, hasa watu wanapokaribia kulipwa. Chukua satelaiti, shindano ambalo zawadi ni tiketi sawa za kuingia shindano kubwa: mmebaki 3, tiketi 2, chipu sawa. Kila mmoja ana thamani ya theluthi mbili za tiketi. Mtu akiweka zote ukamfuata, ukishinda una tiketi 1, ukipigwa una 0. Kwa hiyo unahitaji ushindi wa karibu asilimia 67. A ya kopa na K ya shupaza, dhidi ya mtu anayeweka zote kwa karata yoyote ile, hushinda kama asilimia 65.

Pau3: Duh! Kwa hiyo A-K natupa hata kwa kichaa?

Mzee wa Blaindi: Hapo, ndiyo, tena bila kusikitika. Ukiwa umeshaweka blaindi kubwa bei inalegea kidogo, maana hata kutupa kunakugharimu. Na kwenye shindano la kawaida, ambako wa kwanza hulipwa zaidi ya wa pili, usiipeleke hesabu hii ilivyo. Utakuwa mwoga meza nzima ikuonee.