Sekiro, Red Dead 2 au Valhalla: ipi nirudie kati ya gemu tatu nilizoacha njiani?

Jembe_la_Usiku

Wakuu habari za jioni. Nina PS4 na gemu tatu ambazo nilizianza kwa moyo wote na hakuna hata moja niliyotoboa. Sasa nimepata likizo nataka nichague moja tu niikomalie mpaka majina ya waliotengeneza yapite kwenye skrini. Moja tu jamani, ukichanganya gemu tatu vidole vinasahau batani za zote.

Sekiro, ile ya shinobi wa Japani, hapa nimekwama kwa bosi anaitwa Genichiro juu ya ngome ya Ashina. Kila nikidhani nimemmaliza jamaa anainuka na awamu nyingine.

Red Dead Redemption 2, ya genge la majambazi wa Marekani ya zamani, hii sio ngumu ila inanichosha. Nipo chapta ya 2 kambi ya Horseshoe Overlook. Kila kitu polepole, kuchuna mnyama polepole, kufungua droo polepole, farasi anataka kula na anataka kupigwa brashi.

Assassin's Creed Valhalla, ya Waviking, nimeshazunguka kama nusu ya Uingereza na kila nikifungua ramani naona mikoa mingine inanisubiri, yaani nacheza wiki nzima naona sijasogea.

Mnilinganishie kwa mtu mwenye saa mbili tatu usiku baada ya watoto kulala. Na naombeni sana msinimwagie mwisho wa stori, hasa ya Red Dead, nimejitahidi kuikwepa kote mtandaoni.

Nyundo77

Red Dead mkuu, sina hata la kujadili. Chapta ya 2 ndo watu wengi wanaishia na inauma sana maana gemu yenyewe bado haijaanza. Chapta ya 1 ni theluji tu ya milimani kule Colter, ya 2 wanakufundisha kuishi kambini, sasa mtu anaondoka hajafika hata kwenye ugomvi wa zile familia mbili za chapta ya 3 wala hajauona mji wa Saint Denis. Kuna chapta 6 na baada ya hapo kuna sehemu mbili za nyongeza ambazo nazo ni stori kamili. Chapta ya 6 sijawahi kuona kitu kama kile kwenye gemu yoyote, naishia hapo nisikuharibie.

Kuhusu polepole: sio lazima uchune kila sungura. Alama za njano kwenye ramani ndo misheni za stori, zifuate hizo tu. Farasi weka alama unakokwenda, mpandishe barabarani, washa kamera ya sinema kwa kushikilia tachipadi, anakwenda mwenyewe wewe unakunywa chai. Halafu kwenye daftari la kambi boresha hema la Dutch mkuu wa genge kwanza, baadae la Arthur ambaye ndo wewe, utapata ramani ya kusafiri haraka kutoka kambini. Kurudi utarudi kwa farasi au kwa treni lakini nusu ya safari umeshaokoa.

Kipanga_KE

Nyundo mimi na wewe hapa tutatofautiana. Umemwambia gemu bado haijaanza na mtu ashacheza masaa mob. Enyewe kama kitu kinahitaji mtu avumilie chapta mbili ndio apate utamu, huyo mtu ana haki ya kuondoka. Mimi Red Dead nilimaliza na naiheshimu, hasa sauti ya Roger Clark kama Arthur, huyo msee alifanya kazi, lakini nilikuwa na muda wote duniani. Stori peke yake ni kama masaa 50, na mtu wa saa mbili usiku, moja inaisha akiwa bado juu ya farasi.

Kwangu iliyonishinda ni Witcher 3. Eneo la Velen nililipenda sana, ile stori ya Baron bado naiwaza hadi leo, alafu ukifika mji wa Novigrad unatumwa kumtafuta Dandelion, huyu anakutuma kwa yule, yule anataka umsaidie kwanza, na huku nimeacha Ciri, binti wa kulea wa mhusika mkuu, anatafutwa na watu hatari. Haraka yote ikakufa. Niliweka kando na sijarudi, na sijuti kwa sababu masaa niliyocheza yalikuwa matamu. Swali la kujiuliza sio ipi ni kubwa, ni ipi ukiizima bado inakusumbua kichwani ukiwa job.

Binti_Pemba

Salaam wote. Jembe swali la Kipanga ni zuri na jibu lake umeshalitoa mwenyewe bila kujua, kwa sababu Valhalla umeielezea kwa ramani, Red Dead umeielezea kwa droo na brashi, lakini Sekiro umetaja mtu kwa jina na mahali aliposimama. Huyo Genichiro bado yumo kichwani mwako. Rudi Sekiro.

Tena kwa muda wako ndio inafaa kuliko zote. Stori yake ni kama saa 30, sanamu za kupumzikia zipo karibu karibu, na usiku mmoja ukipambana na bosi mmoja tu umefanya kazi kamili hata kama hujamshinda, maana mkono unajifunza. Red Dead ukicheza nusu saa umefika dukani.

Sasa nikueleze kwa nini watu wanaiacha. Wengi wanatoka kwenye gemu za Dark Souls wanakuja na tabia ya kukwepa, piga mara moja rudi nyuma subiri. Sekiro inakuadhibu ukifanya hivyo. Ule mstari wa mizani ya adui, ambao ukijaa unammaliza, ukimpa nafasi tu unashuka, na ukishuka umeanza upya. Kupiga na kuzuia ni mdundo kama wa ngoma, ukisimama kati mdundo umekatika. Mkaribie, piga mpaka uone cheche kubwa ameuzuia upanga wako, hapo ujue zamu ni yake, gonga L1 ya kuzuia kila pigo linapofika. Na uhai wake uteremshe kwanza, kwa sababu adui aliyejeruhiwa mizani yake hairudi upesi. Ya kwako ikijaa rudi nyuma kidogo ushikilie L1, inashuka haraka kuliko ukisimama tu.

Genichiro ukimkimbia anakupiga mishale, kwa hiyo mbanane. Ikitokea ile alama nyekundu tazama mwili wake usiitazame alama: akichoma kwa ncha tumia Mikiri, ile mbinu ya kukanyaga silaha yake, akifagia chini ruka. Mikiri kama hujaifungua usiende kwake kabisa, ifungue kwanza. Na kama bosi Lady Butterfly wa eneo la Hirata hujamgusa nenda kule, ukimshinda kumbukumbu yake inakuongezea nguvu ya upanga. Pia pale hekaluni unaporudi kuboresha vifaa yupo Hanbei, yule asiyekufa, ni wa kufanyia mazoezi bure na watu wanampita kama hawamuoni.

Nyundo77

Dada nakuheshimu ila Sekiro haina hata kiwango rahisi cha ugumu. Elden Ring bosi akikushinda unaondoka, unazunguka huko kwengine unaongeza levo, unarudi na roho ya kukusaidia, bosi Margit huyo huyo aliyekukalisha unamuona mdogo. Sekiro huna pa kukimbilia. Mtu yupo likizo anataka kupumzika, wewe unampeleka akapigwe.

Binti_Pemba

Ndio lakini sikubali kwamba huna pa kukimbilia. Shanga za maombi zimetawanyika kwa mabosi wadogo, nne zinatengeneza mkufu na uhai unaongezeka. Kweli haifiki kwenye uhuru wa Elden Ring. Ila Elden Ring yenyewe wameiacha wengi sana na sababu ni hiyo hiyo kubwa ya Valhalla, ni pana. Sekiro ilipata gemu ya mwaka kwenye The Game Awards 2019 ikiwa na mhusika mmoja na upanga mmoja, haikukupa vitu mia ili uchague, ilitaka ujue kitu kimoja vizuri. Kupumzika kwa kila mtu kuna namna yake, mimi nikimaliza bosi pale nalala usingizi mzuri kabisa.

mzee_wa_vibanda

Vijana mnanikumbusha mbali. Sisi wa PS2 gemu tuliyoshindwa kumaliza mtaa mzima ni GTA San Andreas na sababu haikuwa ugumu wala urefu, ilikuwa memori kadi! Unalipia saa kibandani, unaanza CJ, yule unayemcheza, anashuka ndege, unakimbiza stori weeee, saa imeisha mwenye kibanda anazima na kesho unaanza tena kwenye baiskeli. Ndo maana kizazi chetu kinaujua mji wa Los Santos wote kwa chiti kodi na wengi hawajui kama kuna miji ya San Fierro wala Las Venturas kwenye stori. Waliokuwa na kadi yao wakawa wanakwama misheni ya treni, ile rafiki yako Big Smoke nyuma ya pikipiki anapiga risasi hapati mtu. Siri yake usikae karibu sana na behewa, jitenge kidogo pembeni Smoke apate kuona juu.

Na waliopita treni wakaangukia shule ya urubani kule jangwani, mitihani 10, na hiyo huwezi kuruka ni lazima ndio stori iendelee. Mimi nimekuja kuimaliza baadae kabisa kwenye simu, ile ya 2013 waliyoweka sehemu za kuanzia katikati ya misheni ukifa hurudi mwanzo. Basi Jembe na mimi nakuunga kwenye hiyo ambayo bosi mmoja ndo amesimama mlangoni. Ukuta mmoja unapitika, ila ile ya kuchoka chokachoka haina dawa.

Toroli_la_Kariakoo

Mbona Valhalla hamuigusi kabisa, mnaionea. Mimi nimeimaliza na nawaambia hivi, ukiichukulia kama tamthilia inaenda vizuri. Kila mkoa ni stori yake inaanza inaisha, una watu wake, una kiongozi wa kumsimika au kumuondoa, ukimaliza unarudi kijijini kwako Ravensthorpe unamwambia Randvi kwenye meza ya ramani unachukua mwingine. Mkoa mmoja jioni mbili tatu umemaliza, mbona hiyo kwa mtu wa saa mbili ni safi tu. Zile sehemu za Asgard na Jotunheim unaweza kuziacha. Zile nukta za dhahabu na za bluu zilizojaa ramani zote zipite. Ugumu wa mapigano na wa kujificha unapunguza kila mmoja kivyake.

Lakini nakubali kwa urefu imezidi. Stori tu inakula kama saa 60, na ukiona mkoa wa Hamtunscire umeandikwa nguvu 340 na wewe upo 90 moyo unakufa. Kama unapenda Assassin's Creed na unataka kumaliza kitu, afadhali Mirage ya 2023, inacheza PS4, ni Baghdad ya karne ya 9, unajificha kama gemu za zamani, na unaweza kuweka Kiarabu wakazungumza wote. Hiyo nimeimaliza wikiendi mbili huku na kazi zangu nafanya.

Kipanga_KE

Toroli hapo umeongea. Ile ya Kiarabu nilisikiliza nikaacha Kiingereza kabisa, mji unakuwa mji. Ila jamaa ameuliza tatu, usimuongezee ya nne hahaha atakuja kufungua thread ingine.

Jembe_la_Usiku

Nimewasoma wote asanteni sana. Valhalla naifuta leo leo nipate nafasi kwenye hard disk, bado naipenda lakini mikoa iliyobaki siiwezi. Kati ya mbili zilizobaki nilikuwa nimeegemea Red Dead kwa maneno ya Nyundo, ila Binti_Pemba umenigusa, ni kweli nikiwa kwenye daladala namuwaza yule jamaa wa mishale. Mikiri ninayo, Lady Butterfly sijaenda, sikujua kama anaongeza nguvu ya upanga. Swali moja, seivu yangu ni ya zamani sana, niendelee nayo au nianze upya? Na ile awamu ya Genichiro ya radi nifanyeje, pale nakufa papo hapo.

Nyundo77

Haya mkuu nimekubali, ila Red Dead usiifute. Ile yangu ya PS4 ilikuja diski mbili, moja ya kuingiza data tu, na ni zaidi ya GB 100, ukifuta utakaa tena usiku kucha unasubiri pamoja na apdeti juu yake. Iache ilale hapo.

Binti_Pemba

Endelea na seivu yako, usianze upya, ukianza upya utachoka kabla hujafika kwake. Siku ya kwanza usimguse Genichiro. Nenda hekaluni kwa Hanbei rudisha mkono kwenye L1, halafu ingia Hirata.

Radi ni hivi: akiruka nayo juu na wewe ruka. Ikupate ukiwa hewani, ni lazima ikupate, halafu kabla miguu haijagusa chini bonyeza R1 ya kupiga unamrudishia mwenyewe. Ikikupata umesimama ardhini ndio hiyo unayokufa. Ukishaizoea utatamani airushe, kwa sababu akirudishiwa anakwama unampiga unavyotaka.

Ukianza leta habari hapa, useme Lady Butterfly anakukamatia wapi, maana na yeye ana awamu ya pili.