Filsuvez au bandeji za silikoni? Shemeji anakuja kutoka Ujerumani

MamaJ_Sakina: Habarini wadau. Mwanangu ana EB (epidermolysis bullosa, ugonjwa wa kurithi wa ngozi dhaifu), akiguswa kidogo tu ngozi inatoka malengelenge. Shemeji anauliza alete Filsuvez, ile jeli ya kupaka vidonda vya EB, au bandeji za silikoni. Hela ya vyote hamna. Kipi?

KiboriloniBoy: EB aina gani? Umri? Vidonda viko wapi? Tukujibu nini sasa?

MangiDawa: Filsuvez iliidhinishwa Ulaya 2022 kwa aina mbili za EB, distrofiki na jankshono, kuanzia miezi 6. Kama ni aina nyingine, simpleksi, haimhusu. Na ni dawa ya cheti, shemeji asidhani ataichukua tu dirishani.

Asali_Tamu: Asali mbichi jamani! Mnahangaika na Wazungu.

MamaPacha: Bandeji. Zahanati moja, siitaji, nesi alimbandikia wangu plasta ya kawaida gotini. Nikamwambia dada, huyu ngozi yake haishiki, akaniambia mama acha kudeka. Jioni kuitoa, ngozi ikaja nayo, kipande kama kiganja. Mtoto alilia hadi sauti ikakauka, na kidonda kiligoma kufunga muda mrefu sana. Silikoni inabanduka bila kuvuta. Ukiikosa, gozi (gauze) ya vaselini. Lengelenge toboa kwa sindano safi, maji yatoke, ngozi ya juu usiiguse.

KiboriloniBoy: Krimu ya silva (madini ya fedha) je?

MangiDawa: Si ya kupaka kila siku eneo kubwa, silva inaingia mwilini. Halafu MamaJ, Filsuvez yenyewe inafunikwa kwa bandeji. Bila bandeji utaifunika na nini?

Asali_Tamu: Nasikia ni gome la mti kwenye mafuta ya alizeti. Si Singida yamejaa?

MangiDawa: Usimpake mtoto mafuta ya chapati.

MamaJ_Sakina: Samahani, nilikuwa kazini. Ana miaka 4, magoti na mgongo. Distrofiki nadhani, karatasi anayo baba yake.

MangiDawa: "Nadhani" haitoshi dada. Nenda RDTC, kituo cha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi, wakuthibitishie kwanza.

TengeruFinest: Na Vyjuvek ya Marekani? Jeli ya jeni, mara moja kwa wiki.

MangiDawa: Hiyo ni ya distrofiki, ila inatunzwa kwenye friza. Begi la shemeji lina friza?

MamaPacha: Mgongoni mvalishe fulana kinyume, mishono iwe nje.

MamaJ_Sakina: Hilo sikulijua! Pamba laini mnapata wapi?

MamaPacha: Soko la mitumba la Memorial, Moshi, wahi wakifungua belo.

Asali_Tamu: Memorial siku hizi bei juu. Soko la Kilombero, Arusha.

KiboriloniBoy: Kilombero? Wewe umeenda lini?