"Call off" na "put off": naombeni mnieleweshe kabla msimu haujaanza

Muulizaji, Mtwara mjini
Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni karani wa ghala la korosho. Maagizo ya kupakia huja kwa Kiingereza kwenye simu, nami ndiye ninayewapasha makuli. Novemba iliyopita uliingia ujumbe huu: "We have called off Thursday's loading." "Call" naijua ni kuita. Nikaona ni wito, nikawatangazia waje Alhamisi. Watu zaidi ya ishirini walifika alfajiri, wengine kutoka Nanyamba kwa nauli ya kukopa, wakakuta geti limefungwa. Mama mmoja mshona magunia alikaa hadi saa nne akinitazama, hakusema neno. Hilo halijanitoka moyoni. Kamusi ninayo: "call" naipata, "off" naipata, yakikaa pamoja nabaki gizani. Mnayasomaje? Na "put off" ni hilohilo?

Mwalimu mstaafu, Masasi
Pole sana mwanangu. Usilitafute neno mojamoja. Mgeni akikuta "piga pasi" kisha akatafuta "piga" peke yake, atadhani tunachapa nguo. Yachukue yote mawili kama kitenzi kimoja.

"They called off the auction": mnada umefutwa. "They put off the auction until Monday": mnada upo, umesogezwa hadi Jumatatu. Kwa kuli tofauti ni kubwa, maana la kwanza anarudi kwao, la pili anatafuta pa kulala mjini.

Tena angalia "it" inakaa wapi. Husemi "call off it", ni "call it off". Ukitaja kitu chenyewe, kote sawa: "call off the loading", "call the loading off". Ila "look after", yaani kutunza, haipasuliwi: "look after it". Kila ukikutana na kitenzi kipya, kiandike pamoja na "it" yake.

Dada wa nyumba ya wageni, Mikindani
Mimi nimejifunzia mapokezi. "Can you pick us up at the airport?" Mwanzoni nilidhani wanataka pikapu! Kumbe ni kwenda kuwachukua. "Drop us off at the market" ni tushushe sokoni.

Kilichonifungua ni hama na hamia. Sisi mwelekeo tunautia ndani ya kitenzi, wao wanauweka pembeni: "move out", "move in". Lakini si kila mahali, kaka. "The water has run out": hakuna anayekimbia, maji yameisha tankini.

Muulizaji
Shikamoo mwalimu. Asante sana dada. Nimejaribu hii: "The lorries have turned up but we have run out of bags, so we put it off until Saturday." Malori yamefika, magunia yameisha, tumeahirisha hadi Jumamosi. Nimekosea wapi?

Mwalimu mstaafu, Masasi
Marahaba. Vitenzi vyote vimekaa sawa. Tengeneza mwisho tu: "so we have put the loading off until Saturday". Hukuwa umeutaja upakiaji, kwa hiyo "it" ilikuwa haina pa kushika.

Muulizaji
Nimeandika. Yule mama anakaa Magomeni, kesho nampitia nimweleze ujumbe ule ulisema nini.