Hisa, mifuko au hatifungani: nianzie wapi hapa Kanada?

Swali
Ndugu zangu, ninaishi Toronto na nimejiwekea akiba ya dola 20,000, ambazo sitazihitaji kwa miaka kumi isipokuwa dola 5,000 za karo ya mwanangu mwakani. Benki yangu imenishauri ninunue mfuko wa uwekezaji wenye ada ya asilimia 2 kwa mwaka. Je, nikubali?

Jibu la kwanza
Dada, ada hiyo ni kubwa mno, kwani utakuwa ukitoa takriban dola 400 kila mwaka, soko lipande au lishuke. Mfuko wa VBAL wa kampuni ya Vanguard, unaouzwa katika soko la hisa la Toronto, hugawa fedha takriban asilimia 60 kwenye hisa za dunia nzima na 40 kwenye hatifungani (mikopo kwa serikali na kampuni), kwa ada isiyofikia robo ya asilimia moja. Uweke ndani ya TFSA, yaani akaunti ya akiba isiyotozwa kodi, ambamo faida haitozwi kodi ya Kanada. Hakiki kwanza nafasi yako ya kuchangia, kwa sababu kwa mhamiaji huanza kuhesabiwa mwaka alioanza ukaazi. Kiwango cha kuchangia cha mwaka 2025 kilikuwa dola 7,000.

Jibu la pili
Nakubaliana na kaka, ila karo isiingizwe sokoni. Mwaka 2022, Benki Kuu ya Kanada ilipopandisha riba kutoka asilimia 0.25 hadi 4.25, hatifungani zilishuka bei pamoja na hisa, nami niliyeziamini kuwa salama nilishtuka sana. Hizo dola 5,000 ziweke katika amana ya muda maalumu ya mwaka mmoja.

Muulizaji
Asanteni sana. Kesho ninakwenda benki kuukataa mfuko ule.