Mnatugawia dawa ya thairoidi bila kutuambia inavyomezwa. Hii ni huduma gani?

Wakuu, nina hasira na leo sitaki kupoozwa.

Dada yangu ana Hashimoto. Kinga yake ya mwili inaishambulia tezi ya thairoidi, hii ya mbele ya shingo, hadi inashindwa kutoa homoni ya kutosha. Homoni hiyo ndiyo inayoendesha kasi ya mwili mzima: moyo, joto, choo, hedhi, hata akili. Alikuwa analala mchana kutwa, nywele zinabaki kwenye kitana, anavaa sweta Dar ya Januari. Akaambiwa UTI, mara taifodi, mara "punguza mawazo, mama". Shingo haikuvimba, basi hakuna aliyewaza thairoidi. Nani kasema lazima goita ionekane?

Mwishowe TSH, homoni ya kuiamuru thairoidi ifanye kazi, ikapimwa, ikakutwa juu, akaandikiwa levothairoksini, yaani vidonge vya homoni ya thairoidi. Dirishani akapewa bahasha imeandikwa "1x1", yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku. Basi, mwingine apite.

Akawa anameza asubuhi kwa chai ya maziwa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu alivyoandikiwa HOSPITALI HIYOHIYO. Sasa madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge hivyo na kalsiamu ya maziwa huishika dawa hii tumboni, haifyonzwi vizuri. Inatakiwa imezwe kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, na vidonge vya damu vikae mbali nayo saa 4. Si siri ya maprofesa hiyo, imo kwenye karatasi ndani ya boksi. Ila wakishakuhesabia vidonge kwenye bahasha, boksi na karatasi vinabaki kwao!

Anarudi kupima, TSH bado iko juu. Lazima iwe juu, maana tezi ya pituitari kule kwenye ubongo huipandisha kila inapoona homoni haitoshi. Daktari hakuuliza anamezaje. Alimwambia mbele ya wanafunzi, "Wewe hunywi dawa," akapandisha dozi. Dozi ikija kuzidi, moyo unakwenda mbio na mifupa inadhoofika. Mtalipa nyie?

Na nyie mnaonifuata PM na dawa za "kusafisha homoni", mkae mbali na dada yangu. Tezi iliyoharibika haisafishwi. Mgonjwa anapewa homoni anayoikosa, na wengi huinywa maisha yao yote.

Madaktari na wafamasia mliomo humu, nijibuni bila kuzunguka: kuandika juu ya bahasha "maji tu, kabla ya kula, usichanganye na vidonge vya damu" kunawagharimu nini?