Kipindi cha dini katika shule za umma: je, Serikali iajiri walimu wake?

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, naomba tulijadili jambo ambalo limekuwa likizungumzwa misikitini, makanisani na kwenye vikao vya wazazi. Wapo wanaosema kwamba, kwa kuwa kipindi cha dini kimo katika ratiba ya shule za serikali, basi Serikali iajiri walimu wa kukifundisha, kama inavyoajiri walimu wa Hisabati na Kiswahili. Sababu zao si za kubezwa. Mimi napinga.

Tuanze na sheria. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 3, inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, na ibara ya 19 inasema kwamba kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini ni hiari ya mtu binafsi, huku uendeshaji wa jumuiya za dini ukiwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Maneno hayo hayakuifukuza dini shuleni. Binti wa Kiislamu hapa kwetu huvaa hijabu pamoja na sare, jambo ambalo Ufaransa ililipiga marufuku katika shule zake za umma kwa sheria ya mwaka 2004, na ustadhi au katekista huingia shuleni kufundisha watoto wa dini yake. Ninavyoielewa Katiba, mtu huyo hutumwa na jumuiya yake, na kama kuna posho, hutoka huko huko, si Hazina.

Kasoro za utaratibu huu zinaonekana kwa macho. Katika shule za msingi ninazozifahamu, kipindi kikifika Waislamu, ambao katika ukanda wa pwani ndio wengi, hutoka na kukaa chini ya mkorosho, ubao umeegemezwa kwenye shina. Wakristo hubaki darasani. Na kando ya jengo utawaona watoto wachache ambao mwalimu wao hakuja, wanachora mchangani kwa vijiti hadi kengele igongwe. Ustadhi akiugua au baiskeli ikimharibikia njiani, kipindi kimekufa. Ukipanda kuelekea Masasi na Ndanda, mara nyingi mambo hugeuka, na wanaochora mchangani huwa ni watoto wa Kiislamu.

Hata hivyo, mwenye kuajiri ndiye mwenye kuchagua. Serikali ikimwajiri ustadhi, afisa elimu ndiye atakayeamua ni ustadhi wa msimamo upi anayefaa, na kwa upande wa Wakristo ataamua kama Mkatoliki anaweza kumfundisha mtoto wa Kisabato kuhusu siku ya ibada. Jimbo la Louisiana, Marekani, lilijitumbukiza humo mwaka 2024 lilipotunga sheria ya kutundika Amri Kumi katika kila darasa la shule ya umma. Kwa kuwa Wakatoliki, Wayahudi na Waprotestanti wengi hawazihesabu amri hizo kwa namna moja, ilibidi sheria yenyewe iyaandike maneno ya kutundikwa, yaani wabunge wakachagua maandiko kwa niaba ya waumini. Jaji wa mahakama ya shirikisho aliizuia Novemba mwaka huohuo na mabishano yakaendelea ngazi za juu, ingawa tangu 1980 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuitengua sheria ya namna hiyo ya jimbo la Kentucky.

Sisi wenyewe tumekwisha kuonja. Mwaka 2012 matokeo ya kidato cha sita ya somo la Maarifa ya Uislamu yalitoka na makosa, na Baraza la Mitihani likalazimika kuyarekebisha. Kosa ambalo katika Fizikia lingeitwa kosa la hesabu liligeuka kuwa tuhuma ya udini dhidi ya Serikali. Kama kusahihisha karatasi tu kumeleta hayo, kusaili na kufukuza walimu wa dini kutaleta yapi?

Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha Serikali kuzitwaa shule za misheni. Chidya ya Waanglikana na Ndanda ya Wabenediktini zikawa shule za wote, ili mtoto wa Kiislamu wa Newala asilazimike kupita mlango wa kanisa ndipo afike sekondari. Sioni kwa nini leo turudishe milango hiyo kwa njia ya orodha ya mishahara.

Ninachopendekeza ni kidogo: mwalimu mkuu awe na barua ya utambulisho ya kila anayeingia kufundisha dini, mzazi aulizwe kwa maandishi, na mtoto asiye na mwalimu apewe kitabu na msimamizi. Sala za paredi nazo zitazamwe, maana pale hakuna mtoto anayeulizwa hiari yake.

Karibuni.

Jibu la mwalimu mstaafu, Nachingwea

Mwanangu, umeisoma Katiba vizuri, lakini huku vijijini hujatutazama. Jumuiya unayotaka imlipe ustadhi ni ya wakulima wanaosubiri malipo ya korosho na ufuta. Haina uwezo. Mwenye uwezo ni mfadhili wa mbali, ambaye humleta mwalimu wake na vitabu vyake, na kijiji hupokea tu. Kwa hiyo unapokataa Serikali isichague, hujamwachia mzazi achague; umemwachia mwenye fedha. Hizo barua za utambulisho nazo, mwalimu mkuu mwenye madarasa mengi kuliko walimu atazikagua saa ngapi? Nimefundisha miaka mingi, na sikuwahi kuona barua ikimzuia mtu aliyekuja na mabati ya kuezekea darasa.

Mtoa mada

Shikamoo Mwalimu. Hoja ya mfadhili ni nzito kuliko zote nilizozisikia upande wa pili, na barua peke yake haitoshi kuijibu. Ningeongeza kwamba kamati ya shule, ambayo wazazi wa dini zote wamo, ndiyo imkubali au imkatae anayeletwa, na vitabu anavyokuja navyo vikae ofisini ambako mzazi yeyote anaweza kuvisoma. Mshahara wa Serikali bado naukataa. Tuseme shule yako ya Nachingwea imepewa nafasi mbili za ajira, moja ya Kiislamu na moja ya Kikristo, na Wakristo waliopo ni Wakatoliki, Waanglikana na nyumba chache za Wasabato: wewe, Mwalimu, ungeijaza vipi hiyo ya pili?