Gandalf wa Lord of the Rings na Dumbledore wa Harry Potter wakikutana uso kwa uso nani anakalishwa? Naombeni hoja kabla ya Jumapili

dogo_wa_mwisho: Wakuu habari za jioni. Mimi na mdogo wangu tumewekeana dau la kuku mzima na chipsi, yeye anasema Gandalf anamtandika Dumbledore mapema tu, mimi nasema Dumbledore, babu wa shule ya uchawi ya Hogwarts, anammaliza Gandalf hata dakika mbili hazijaisha. Hoja yangu ni kwamba Dumbledore ndo mtu wa mapambano, mwaka 1945 alimkalisha Grindelwald, mchawi mwovu aliyekuwa na kile kifimbo kinachosifiwa hakishindwi, akakichukua, halafu pale wizara ya uchawi alisimama na Voldemort mwenyewe, adui mkuu wa Harry Potter, na jamaa akaishia kukimbia. Gandalf umemuona lini anarusha laana? Muda mwingi yuko juu ya farasi na upanga. Dogo anacheka tu eti sijasoma vitabu. Nishaurini nimjibu nini, refa ni shangazi na shangazi hamjui hata mmoja kati yao.

mla_ugali: Nunua kuku mkuu, usisumbue watu.

bi_mkubwa77: Dogo yuko sahihi mdogo wangu. Gandalf sio binadamu aliyesomea uchawi, ni Maia, roho ya zamani kuliko dunia yenyewe, ule mwili wa kizee amevalishwa tu kama kanzu. Na alitumwa kwa masharti, wale wachawi watano walikatazwa kushindana na Sauron, yule bwana wa giza, nguvu kwa nguvu. Yaani ni basi la mkoani lililofungwa spidi gavana, ukiliona linajikokota usidhani injini ni mbovu. Na bado kwa mwendo huohuo kapigana na Balrog, lile pepo la moto, siku kumi, kuanzia wanaanguka pale darajani kwenye mapango ya Moria mpaka kileleni mlimani.

Kifimbo_Cheza: Sawa dada ila malizia hadithi, kule kileleni Gandalf ALIKUFA. Alirudishwa, hakujirudisha. Kwenye ngumi ukilala refa akahesabu mpaka kumi umeshapigwa, hata kama kesho unaamka na kanzu nyeupe. Kwahiyo mleta mada mbane hapo, kwanza mkubaliane kushinda ni nini.

mla_ugali: Expelliarmus tu, ule uchawi wa kunyang'anya silaha, fimbo inaruka, mchezo umeisha 😂

bi_mkubwa77: Gandalf fimbo ilimvunjikia palepale darajani na akaendelea na upanga wake Glamdring. Ya Saruman, mchawi mwenzake aliyeasi, aliivunja kwa neno tu hata hakumgusa. Na huyo Dumbledore wenu kanyang'anywa kifimbo na Draco, mtoto wa shule! (Najua alikuwa hoi siku ile kwa ile sumu aliyokunywa pangoni, lakini kanyang'anywa.)

mwana_lamu: Mnasahau jambo kubwa, Dumbledore haui. Hata Voldemort pale wizarani alimshangaa kwamba hatafuti kumuua. Na Gandalf naye ndo yule aliyemwambia Frodo, yule mbeba pete, asiwe mwepesi wa kutoa hukumu ya kifo. Hawa wazee wawili mkiwakutanisha watakaa chini wavute kiko wale peremende, pambano halipo. Ungemuweka Voldemort hapo sawa, yule ni kama Liyongo wetu, silaha za kawaida hazimalizi kazi mpaka ujue siri yake, mmoja sindano ya shaba kitovuni, mwingine roho kaigawa kaificha kwenye vitu huko na huko. Tofauti ni kwamba Liyongo alisalitiwa na mwanawe wa kumzaa, Voldemort hakuwa na mtu wa kumpenda hata wa kumsaliti hivyo.

Kifimbo_Cheza: Aisee hiyo ya mwisho imeniuma bila sababu.

dogo_wa_mwisho: Nimerudi wakuu. Nilimbana dogo na hoja ya kufa kileleni, akakaa kimya kama dakika nzima, akasema Balrog naye alikufa kwahiyo ile ni droo. Halafu nikajikwaa mwenyewe nikamsomea ya mwana_lamu kwa sauti shangazi akiwepo. Shangazi kasema kama hawapigani basi hakuna mshindi na kuku analiwa na refa.

mla_ugali: Nilikwambia ununue mapema.